Rampu za mbao kwa gari lililoshushwa: vipimo, mbao na namna ya kuzifunga

mkwaju17
Wakuu, naomba tuchambue hili kwa vipimo. Gari ni Toyota Altezza RS200 lililoshushwa kwa koilova (shokapu na springi zinazorekebishwa kimo), tairi 215/45R17. Mdomo wa bampa la mbele uko sentimita 11 kutoka sakafuni. Kutoka usawa wa katikati ya gurudumu la mbele hadi kwenye mdomo huo ni sentimita 70. Rampu za chuma za dukani zinagusa bampa kabla tairi haijazifikia, na jeki ya magurudumu ya kawaida haipiti chini.

Nataka rampu za mbao za kumwagia oili, kubadili bushi na linki za stabilaiza, na kukagua giaboksi. Sakafu ni ya simenti. Naomba kujua mwinuko unaofaa, mbao za kununua, na namna ya kuzishikanisha zisiachie.

RandaNaPatasi
Mkuu, kabla ya kwenda kwenye mbao pima gari. Mwinuko wa rampu unaamuliwa na bampa lako, na gari la mwenzako hata kama ni Altezza vilevile linaweza kuwa limeshushwa zaidi au pungufu.

Chukua ubao mwembamba ulionyooka wa mita 1. Uingize chini ya bampa mpaka ncha yake iguse tairi pale inapokutana na sakafu. Inua ncha ya mbele taratibu mpaka ubao uguse mdomo wa bampa, kisha pima ncha hiyo imeinuka sentimita ngapi. Kila sentimita 1.75 ni digrii moja, kwa makadirio. Kwa vipimo ulivyoweka hapo juu ncha itainuka kama sentimita 15 na nusu, yaani digrii 9 hivi. Rampu nyingi za chuma za dukani zinazidi digrii 15, ndiyo maana zinakugonga.

Usizitumie digrii 9 zote. Ukigusa breki pua ya gari inazama sentimita moja au mbili, na kwenye springi zilizokatwa zenye shokapu zilizochoka inazama zaidi ya hapo. Ondoa sentimita 2 kwenye kimo cha bampa ndipo upige hesabu.

Kwa rampu yenye mteremko mmoja mnyoofu, kufika kimo cha sentimita 15 kwa digrii 8 kunahitaji urefu wa sentimita 107. Kwa digrii 7 ni 122, na kwa digrii 6 ni 143. Huo ni mteremko peke yake, bado hujaweka sehemu bapa ya kusimamisha tairi.

mbao_mufindi
Ninaongezea upande wa mbao. Paini ya 2x10 (inchi 2 kwa 10) inatosha kabisa, ili mradi imekauka. Paini nyingi inayouzwa Dar inatoka Mufindi na Njombe, na mara nyingi inafika ikiwa bado na maji. Ubao mbichi utasinyaa na kupinda ukiwa umeshafungwa: tabaka zinaachana katikati, gundi inabanduka, skrubu zinalegea. Kwenye rundo, inua mbao mbili zenye kipimo kimoja. Iliyo nzito waziwazi kuliko mwenzake ina maji. Gonga kwa kidole: kavu inalia kavu, mbichi inatoa sauti nzito.

Kataa ubao wenye kiini cha mti katikati (ile duara ndogo inayoonekana ukiangalia kichwa cha ubao). Hapo ndipo utakapopasuka, na ufa utafuata urefu wote. Vifundo vidogo havina tatizo. Kifundo kikubwa kikianguka kwenye ncha ya rampu, kata ukiruke.

Mkaratusi ni mgumu na mzito kuliko paini, lakini unapasuka ovyo usipotoboa kwanza, na unapinda sana unapokauka. Mninga na mkongo ni mbao za samani. Sioni sababu ya kuziweka chini ya tairi.

Jambo moja ambalo watu wengi hawalipimi: 2x10 ikishapitishwa kwenye mashine ya randa inabaki kama sentimita 4.5 kwa 24. Kama unataka kimo kamili cha sentimita 15 kwa tabaka tatu, nunua ambayo haijarandwa na upime unene wake pale pale kwa muuzaji. Mbao za rundo moja hazilingani unene. Chagua mbili zinazolingana, la sivyo rampu moja itakuwa juu kuliko nyingine.

gereji_ya_uani
Twende kwenye umbo. Aina inayodumu ni ya tabaka: mbao zinalazwa bapa moja juu ya nyingine kama ngazi. Hakuna kitu cha kuvunjika kwa sababu hakuna uwazi ndani yake.

Watu wengi wanagawa ngazi sawasawa, kila moja ikirudi nyuma sentimita 35. Kwa gari lenye bampa la sentimita 11 hapo pana mtego. Tairi inapogusa ngazi ya kwanza gari bado liko chini, na bampa limeshafika juu ya tabaka la pili lenye kimo cha sentimita 10. Imebaki sentimita moja tu. Ukishtua breki, bampa linakaa juu ya ubao.

Dawa yake ni kurefusha hatua ya kwanza na kufupisha ya pili. Tairi ikishapanda sentimita 5, mdomo wa bampa unapanda zaidi ya hapo kwa sababu uko mbele ya ekseli. Altezza ina sentimita 267 kutoka ekseli hadi ekseli, kwa hiyo kila sentimita 5 za tairi zinainua mdomo karibu sentimita 6.3. Kutoka 11 unafika 17.3, na tabaka la tatu lenye kimo cha 15 linapita chini bila kugusa.

Kwa mbao zenye unene wa sentimita 5, urefu wa kila rampu uwe hivi:

Tabaka la chini: sentimita 150
Tabaka la kati: sentimita 95
Tabaka la juu: sentimita 65

Nyuma, yaani kwenye mwisho wa juu, zote zilingane. Mbele tabaka la kati linaanza sentimita 55 kutoka ncha ya chini, na la juu linaanza sentimita 30 baada ya hapo.

Kila ncha ya mbele ikatwe mshazari. Wengi wanakata nyuzi 45 kwa sababu msumeno wa umeme unaishia karibu na hapo, lakini kwa tairi ya sentimita 62 ikipanda ubao wa 5, nyuzi 45 hazisaidii kitu: tairi inagusa kona ya juu ileile ambayo ingegusa hata usingekata. Kata mshazari wa sentimita 10 kwa kimo cha 5. Hapo tairi inalala kwenye mteremko na kupanda bila kishindo. Weka alama sentimita 10 kutoka kwenye ncha upande wa juu, piga mstari wa mshazari pande zote mbili za ubao, kata kwa msumeno wa mkono, au mpelekee fundi mwenye msumeno wa mkanda. Ncha ikitoka kali kama kisu, iondoe sentimita moja. Itakatika yenyewe usipoiondoa.

kijiti_cha_gia
Samahani kwa swali: paini ni laini. Haitasagika chini ya gari la kilo 1,350?

gereji_ya_uani
Haitasagika. Tairi inakandamiza kwa nguvu inayokaribiana na upepo uliomo ndani yake. Upepo wa psi 32 ni kama kilo 2.25 kwa kila sentimita ya mraba. Gurudumu moja la mbele la gari hilo linabeba kama kilo 370, kwa hiyo eneo linalogusa ubao ni sentimita za mraba 165 hivi. Paini kavu iliyolala bapa inahimili zaidi ya kilo 20 kwa sentimita ya mraba. Una akiba ya kutosha.

Kinacholeta ajali kwenye rampu za tabaka ni kuteleza, kupinduka upande, au gari kuzidi mwisho wa rampu na kudondoka mbele. Fikiria hayo matatu, uzito uache.

kijiti_cha_gia
Na ile ya fremu? Unasimamisha vipande vya 2x6 kwa ukingo, juu unapigilia plaiwudi. Ni nyepesi na haili mbao nyingi.

RandaNaPatasi
Ni nyepesi kweli, na ndiyo inayoua. Ubao uliosimama kwa ukingo unabeba uzito mkubwa kwenda chini, lakini ukisukumwa kwa ubavu unalala. Tairi inapopanda inasukuma mbele, na usukani ukiwa umekata kidogo inasukuma pembeni pia. Misumari iliyoshika plaiwudi ndiyo pekee inayozuia, na misumari inang'oka kidogo kidogo kila unapotumia rampu. Nje hutaona dalili yoyote mpaka siku inapolala.

Kama ni lazima ujenge ya fremu, weka mbavu nne kwenye upana wa sentimita 30, na kati ya mbavu ujaze vipande vya mbao vilivyobana kila baada ya sentimita 20, vilivyofungwa kwa skrubu na gundi. Plaiwudi iwe ya milimita 18. Ukipiga hesabu utaona umetumia mbao zilezile ambazo zingetosha rampu ya tabaka. Ya tabaka kwa paini kavu inafika karibu kilo 20 moja, mtu mmoja anaibeba bila shida.

mkwaju17
Nimeelewa, naenda na tabaka. Sasa kushikanisha. Misumari ya inchi 5 inatosha?

RandaNaPatasi
Misumari hapana. Ina hatari mbili: inang'oka kwa kusukumwa huku na huko, na ikishajitokeza inatoboa tairi.

Tumia skrubu za mbao za sentimita 8, unene wa milimita 5, na ufunge zote kutokea chini. Yaani geuza kazi juu chini: laza tabaka la juu kwenye meza, paka gundi nyeupe ya mbao, weka la kati juu yake, ulibane kwa klampu, toboa kwa biti ya milimita 3, funga. Kisha gundi tena, tabaka la chini, funga. Ukimaliza na kugeuza rampu, upande wa tairi hauna chuma hata kimoja.

Chimbia kila kichwa cha skrubu sentimita 1 ndani. Kwa ubao wa sentimita 5, skrubu inapita 4 na kung'ata 4 za ubao unaofuata, inabaki sentimita 1 salama. Lakini kama mbao zako ni za sentimita 4.5, skrubu hiyohiyo inapita 3.5 na kung'ata 4.5, ncha inatokeza juu kabisa chini ya tairi. Hapo chukua ya sentimita 7.

Kwa maungio ya tabaka la kati na la chini weka skrubu 10 katika mistari miwili, na kwa la juu weka 8. Ukae sentimita 4 kutoka ukingoni na zaidi ya sentimita 12 kutoka ncha ya mshazari, kwa sababu ubao ni mwembamba pale na utapasuka. Usizipange kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao. Peleka moja kushoto kidogo na inayofuata kulia, mstari wote usije ukawa ufa.

Gundi haitashika kwenye mbao zenye maji wala zenye vumbi la msumeno. Futa kwanza, na uache zikae zimebanwa mpaka kesho yake.

kijiti_cha_gia
Kizuizi cha kusimamisha tairi mwishoni mwa rampu nilikuwa nafikiria kipande cha 2x4 kilichosimama, kimo cha sentimita 10, ili tairi isiweze kupita kabisa.

gereji_ya_uani
Hicho kitang'oa bampa. Fuata mwendo wa gari: tairi ikiwa juu ya tabaka la kati, imeinuka sentimita 10, mdomo wa bampa uko kwenye 23.6 hivi. Wakati huohuo bampa linafika pale kizuizi kilipo, kwa sababu liko sentimita 70 mbele ya ekseli. Juu ya tabaka la tatu lenye 15 ukiongeza kizuizi cha 10 unapata 25. Bampa la 23.6 na kizuizi cha 25 watakutana, na wewe ukiwa kwenye usukani utadhani umefika mwisho.

Kizuizi kiwe cha unene wa ubao mmoja, sentimita 5. Jumla inakuwa 20, na bampa linapita likiwa na nafasi ya sentimita 3 na nusu.

Ni kweli kwamba kizuizi cha sentimita 5 tairi inaweza kukiruka ukikanyaga mafuta. Kazi yake ni kukujulisha umefika. Kinacholizuia gari ni breki na kabari utakazoweka ukishapanda.

RandaNaPatasi
Na kizuizi kikatwe vizuri. Ukikata kipande cha sentimita 10 kutoka mwisho wa ubao, nyuzi zake zitakuwa fupi na zinaelekea mbele, kitagawanyika tairi ikikisukuma. Kata kipande cha urefu wa sentimita 25, kisha kipasue kwa urefu upate vipande viwili vya upana wa 10. Vilaze kukingama rampu, nyuzi zikienda kushoto na kulia. Kipande kimoja kinatoa vizuizi vya rampu zote mbili. Kila kimoja skrubu 4 na gundi.

Pwani254
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mbao za kawaida ni saiprasi na paini, na zinauzwa kwa futi. Saiprasi iko sawa kwa kazi hii.

Nataka kuongeza juu ya kuteleza, kwa sababu ni kitu watu wanachanganya. Gari kama Altezza, Mark X au Crown inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ya mbele hayana nguvu yoyote, yanasukuma tu rampu kwenda mbele, na rampu inateleza sakafuni mbele ya tairi. Gari kama Vitz au Fielder ya kuvuta kwa mbele ni kinyume: tairi inazungusha rampu kuirudisha nyuma, chini ya gari. Ndiyo inayorusha rampu ikigonga sakafu ya gari.

Kwa gari ya kusukumwa nyuma, chukua mkanda wa mpira wa mashine au zulia nene la mpira, upana wa rampu. Ufunge chini ya tabaka la chini kwa sentimita 20, na sentimita 60 zibaki nje kuelekea tairi. Gari inakanyaga mpira kwanza, na uzito wake wenyewe unashikilia rampu mahali pake mpaka tairi iwe imepanda.

Kwa gari ya kuvuta mbele dawa ni mpira chini ya rampu yote. Vipande vya tyubu ya lori vilivyobandikwa kwa gundi ya viatu vinafanya kazi nzuri. Kanyaga mafuta kidogo sana. Tairi ikizunguka hata nusu mzunguko bila gari kusonga, simama, rudi chini, panga upya.

Fagia sakafu. Vumbi la simenti chini ya mbao ni kama kuweka shanga.

mbao_mufindi
Nakubaliana na hilo. Na juu ya rampu msipake oili chafu ya injini eti ya kuzuia mchwa. Inazuia kweli, lakini sehemu ya tairi inakuwa utelezi. Paka dawa ya mbao au rangi ya mafuta. Kwenye rangi ya juu kabisa, ikiwa bado mbichi, nyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa, ikikauka paka mkono mmoja mwepesi. Hapo tairi inashika hata kukiwa na unyevu.

Zihifadhi zikiwa zimesimama juu ya matofali au palipoinuka, zisiguse udongo. Mchwa anaanzia chini, anakula katikati ya tabaka, nje unaona rangi yako bado nzuri. Kila kabla ya kutumia gonga kwa nyundo kutoka mwanzo hadi mwisho. Sauti ikibadilika kuwa ya mvungu, rampu hiyo ni kuni.

mkwaju17
Tairi zangu ni 215 na ubao ni sentimita 25. Upana unatosha?

gereji_ya_uani
Unatosha kwa 215, una karibu sentimita 1.7 kila upande. Kwa 225 bado sawa ukiwa na mtu wa kukuelekeza. Kuanzia 235 tumia 2x6 mbili sambamba upate 30, na kwenye tabaka la kati ubadilishe maungio, yaani 2x10 katikati na kipande chembamba pembeni, ili mstari wa maungio usipande moja kwa moja kutoka chini hadi juu.

Gari lililoshushwa mara nyingi matairi yake yameinama kwa ndani juu, kwa hiyo ukingo wa ndani wa tairi ndio unaobeba zaidi. Panga rampu ili tairi ielemee katikati au ndani kidogo. Tairi ikitokeza nje hata sentimita moja, shuka upange tena.

Usipigilie kingo za pembeni za kuongoza tairi. Zitachubua rimu, na zinakupa imani ya uongo.

kijiti_cha_gia
Utaratibu wa kupanda na kushuka ukoje?

gereji_ya_uani
Nyoosha usukani, sogeza gari mpaka matairi yawe karibu na rampu, kisha shuka uweke rampu ukiwa umezilinganisha na tairi. Mtu mmoja asimame pembeni, asisimame mbele kamwe. Anaangalia vitu vitatu tu: bampa, ukingo wa tairi, na kama rampu inasogea. Mkubaliane ishara moja ya kusimama, na muziki uzimwe.

Panda ngazi moja, simama, angalia. Ya pili, simama. Ya tatu, mpaka tairi iguse kizuizi. Kwa gari la manyuo (gia za mkono) usichezee klachi ukiwa katikati ya mshazari. Gari likirudi nyuma kwa kishindo linasukuma tabaka. Ukifika juu, breki ya mkono, gia ya kwanza au P, kisha kabari mbele na nyuma ya matairi ya nyuma.

Kumbuka pia mkia. Mbele ikipanda sentimita 15, nyuma ya bampa la nyuma inashuka karibu sentimita 5 kwenye gari la urefu huo. Kama egzosi yako iko sentimita 9 kutoka chini, sasa iko kwenye 4. Angalia jiwe au kingo ya sakafu nyuma kabla hujapanda.

Ukiwa juu, usizungushe usukani gari likiwa limesimama kwenye rampu. Tairi inajipinda pale pale na kuvuta tabaka la juu. Kama kazi inahitaji usukani ukatwe, tumia jeki na stendi.

Kushuka ni taratibu hizohizo, injini ikiwa inawaka ili breki ziwe na nguvu zake. Tumia breki tu, bila mafuta.

Pwani254
Ile sehemu ya mteremko pia unaweza kuitenganisha na sehemu bapa. Unaunda kila rampu kwa vipande viwili: kipande cha kusimamia, na kipande cha kupandia kinachoshikana nacho kwa bawaba au kwa pini mbili za chuma. Ukishapanda unatoa kile cha kupandia, na unapata nafasi ya kuingiza jeki kutoka ubavuni. Kwa mtu anayefanya kazi ya shokapu na bushi hii ni raha sana. Lakini maungio yasiwe chini ya tairi ilipopumzika, na kipande cha kusimamia kiwe na urefu usiopungua sentimita 65 chini, la sivyo kinapinduka gari inapopanda.

mkwaju17
Na oili ya giaboksi? Kifuniko cha kupimia kinahitaji gari liwe limelala sawa.

gereji_ya_uani
Hapo rampu mbili hazitoshi. Mbele ikiwa juu kwa 15 gari limeinama kama digrii 3, na kiwango cha oili ya otomatiki kitasoma uongo. Inabidi nyuma nayo ipande 15.

Kuna hatari hapa ambayo nataka isomwe taratibu. Kwenye gari la kusukumwa nyuma, P na breki ya mkono vyote vinashika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma kwa jeki, matairi hayo yanaacha sakafu, na gari zima linabaki limesimama juu ya matairi mawili ya mbele yanayozunguka bure, tena yakiwa juu ya rampu. Kabla jeki haijainuka hata sentimita moja, weka kabari nyuma ya kila tairi ya mbele, juu ya sehemu bapa ya rampu. Ndiyo sababu tabaka la juu lina urefu wa 65: baada ya mshazari na kizuizi zinabaki 45, na nyuma ya tairi kuna sentimita 11 za kukaa kabari. Ukifupisha tabaka hilo ili kuokoa mbao, umeondoa nafasi ya kabari.

Kisha inua nyuma kwenye difu (boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma), na chini ya kila tairi weka kitako cha mbao. Kitako kimoja ni vipande 12 vya 2x4, kila kimoja sentimita 40. Vinne vinalala sambamba, vinne vinakingama juu yake, vinne tena kama mwanzo, kimo 15, vyote vimefungwa kwa skrubu. Ubao mmoja wa futi 12 unatoa vipande 9, kwa hiyo mbao tatu zinatosha vitako viwili na kubakiza vipande vitatu vya kukatia kabari.

Ukishusha gari kwenye vitako, litikise kwa mkono kabla ya kuingia chini.

kijiti_cha_gia
Matofali ya simenti hayafai badala ya vitako? Yapo mengi uani.

RandaNaPatasi
Hayafai hata kidogo. Tofali linabeba uzito mkubwa likiwa limekandamizwa sawasawa, lakini likibanwa kwenye kona moja linapasuka ghafla na kuanguka lote kwa mara moja. Ubao unalia, unabonyea, unakuonya. Tofali halikuonyi. Hata ukiweka ubao juu yake, lile lililo chini bado ni tofali.

mkwaju17
Nashukuru sana wakuu. Nikihesabu rampu mbili kwa vipimo vya 150, 95 na 65, mbao mbili za 2x10 za futi 12 zitatosha?

RandaNaPatasi
Zinatosha. Futi 12 ni sentimita 366. Ubao wa kwanza kata 150, 95 na 95, jumla 340. Kinachobaki kitatoka na nyufa za mwanzo na mwisho wa ubao. Wa pili kata 150, 65 na 65, jumla 280. Hapo unabaki na 85: sentimita 25 zipasue upate vizuizi viwili, na iliyobaki kata kabari nne za urefu wa 10 na kimo cha 5. Kata kwanza vipande vyote vikiwa mraba, hakikisha viwili viwili vinalingana, ndipo ukate mishazari. Skrubu nunua 50, gundi nusu lita. Na kabla ya kupaka gundi, panga tabaka zikiwa kavu sakafuni mbele ya tairi, sogeza gari mpaka tairi ikaribie kugusa ncha, na upime kwa futi kamba nafasi iliyobaki chini ya bampa juu ya tabaka la kati. Ikiwa pungufu ya sentimita 2, rudisha tabaka la kati na la juu nyuma sentimita 5, na nyuma yake zitokeze kwa pamoja. Utaongezea kipande chini yake.

gereji_ya_uani
Hicho kipande cha kuongezea kiwe cha upana wote wa rampu na kifungwe kwa skrubu kwenye tabaka la kati. Kizuizi kiko juu yake moja kwa moja, na pasipokuwa na kitu chini mwisho wa rampu utabonyea tairi ikikisukuma.

mkwaju17
Sawa. Napima bampa upya gari likiwa na tangi lililojaa na upepo wa psi 32 matairi yote, ndipo niende kwa muuza mbao.